Futikamba Kwenye Mkoba wa Mbio

Kila jioni, kabla sijazima taa, huketi ukingoni mwa kitanda nikapima vigimbi vyangu vyote viwili kwa futikamba ya fundi cherehani. Naanzia kwenye kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, nahesabu sentimita 10 kwenda chini, natia alama kwa kalamu, kisha naizungusha futikamba bila kuikaza. Mguu wa kulia huwa sentimita 36, wa kushoto 36 na nusu, na hiyo nusu sentimita ndiyo hali yangu ya kawaida tangu mwaka 2019. Daktari aliyenifundisha kufanya hivi aliniambia kwamba tofauti ikizidi sentimita 3, hasa ikiambatana na maumivu na joto kwenye ngozi, nisingoje kupambazuke. Daftari la vipimo hivyo sasa ni la tatu, na yote matatu nayaweka kwenye droo moja na medali zangu.

Wenzangu wawili watatu tunaokimbia nao siku za Jumapili wamekuwa wakiniomba niandike habari ya kuugua kwangu na ya kurudi barabarani, nami nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza niliishia kusimulia mbio tupu. Safari hii naanza na mguu, maana ndiko mambo yote yalikoanzia, na ninaandika nikiwafikiria hasa wanawake wa umri wangu ambao huambiwa, na wao wenyewe hujiambia, kwamba dawa ya maumivu ya mkimbiaji ni kuyazoea.

Mwaka 2019 nilikuwa na umri wa miaka 41. Nilikuwa nikiishi Sinza, kama niishivyo hadi leo, nikifanya kazi ya uhasibu katika ofisi moja ya kugomboa mizigo karibu na Posta, na nilikuwa nimekwisha kukimbia marathoni kamili mara mbili. Mwaka huo nilikwenda Moshi kwa ajili ya mbio za Kilimanjaro, ambazo hufanyika kila mwaka tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Anayezijua mbio hizo anaijua barabara ya Mweka, jinsi inavyoanza kupanda taratibu ukiuacha mji, ikaendelea kupanda katikati ya migomba na mibuni mpaka ukasahau kwamba kuna ardhi tambarare duniani. Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 12, nikiwa nimekunywa maji kidogo kuliko ilivyonipasa, kwa kuwa sikutaka kupoteza muda kwenye meza za maji. Kesho yake alfajiri nilipanda basi la kurudi Dar es Salaam, nikapata kiti cha dirishani, na kwa saa karibu kumi sikuinuka hata mara moja. Basi liliposimama Korogwe, abiria wakashuka kula, nami nikabaki kitini kwa sababu mapaja yalikuwa yakiuma na ngazi za basi zilinitisha. Tena nilijinyima maji njia nzima ili nisihitaji kwenda msalani.

Jumatano yake kigimbi cha kushoto kilianza kuuma. Yalikuwa maumivu ya ndani kabisa, mfano wa jino, yasiyopungua nikilala wala nikisimama, na jioni kiatu cha mguu huo kilikuwa kinanibana ilhali cha kulia kilikuwa sawasawa. Aliyewahi kukimbia kilomita 42 anajua kwamba wiki nzima baada ya mbio mwili huuma kila mahali, kwa hiyo sikuona ajabu. Nilipita kwenye duka la dawa, nikaomba diklofenaki kama tulivyozoea, nikauziwa bila kuulizwa lolote. Usiku jirani yangu, mama mwenye mikono myepesi ambaye amewachua wazazi wengi hapa mtaani, alinichua mguu ule kwa mafuta ya karafuu muda wa nusu saa. Alifanya kwa upendo na simlaumu hata chembe. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba ndani ya mshipa mkubwa wa mguu ule damu ilikuwa imeganda, na kwamba kuukanda mguu wa namna hiyo kunaweza kulibandua donge likachukuliwa na damu mpaka kwenye mapafu.

Nilivumilia siku tisa. Siku ya saba nilianza kutweta nikipanda ngazi za ofisini, ghorofa mbili tu, mimi niliyekuwa nimepanda Mweka juma moja na siku chache nyuma. Siku ya nane kifua kilinichoma upande wa kulia kila nilipovuta pumzi, na nyumbani tukakubaliana kwamba ni kichomi, tukachemsha tangawizi. Siku ya tisa nilikohoa kwenye leso nikaona vitone vya damu. Mume wangu hakuniuliza tena ninajisikiaje. Alichukua funguo za gari, akamwita shemeji yangu wa kike aje kukaa na watoto, na tukaondoka.

Naomba nieleze kwa nini nilivumilia, maana nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Nimekulia katika simulizi ya John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti na bega, kisha akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Marehemu baba alitusimulia habari hiyo kila tulipotaka kuacha jambo njiani, iwe shule, iwe kubeba ndoo ya maji, na hadi leo simheshimu mwanariadha mwingine yeyote kama ninavyomheshimu mzee huyo. Lakini nikiwa nimelala wodini na mrija wa oksijeni puani niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Akhwari alijua ameumia nini. Goti lake alilitazama kwa macho yake, likafungwa, ndipo akaamua kuendelea. Mimi sikuwa nimeamua chochote, kwa sababu nilikuwa nikivumilia kitu ambacho sikuwahi hata kukiuliza jina.

Hospitalini walinibana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, kikasoma asilimia 88, wakati mtu mzima mwenye afya hutarajiwa kuwa na 95 au zaidi. Altrasaundi ya mguu ilionyesha donge kwenye mshipa wa nyuma ya goti, na kipimo cha CT cha kifua kikaonyesha kwamba vipande vyake vimekwisha kufika kwenye mishipa ya mapafu, pande zote mbili. Nilianzishiwa sindano za tumboni za kuzuia damu isiendelee kuganda pamoja na vidonge vya warfarini, kwa kuwa warfarini huchukua siku kadhaa kabla ya kufanya kazi barabara na mgonjwa hapaswi kuachwa bila kinga katika siku hizo. Eko, yaani altrasaundi ya moyo, ilionyesha kwamba upande wa kulia wa moyo, ule unaosukuma damu kwenda mapafuni, ulikuwa umeelemewa.

Daktari, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliketi kwenye kiti cha mgeni akanihesabia sababu kwa vidole. Mwili uliokaukiwa maji. Saa kumi za kukaa bila kukunja wala kukunjua miguu. Kisha akaniuliza kama natumia vidonge vya uzazi wa mpango, nikamjibu kwamba natumia vile vya kila siku, mwaka wa sita huo. Akaniambia kwamba vidonge vyenye homoni ya estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda, kwamba kwa wanawake walio wengi hatari hiyo ni ndogo na hawapati tatizo lolote, lakini umri ukishapita miaka 35 na mambo mengine yakijumlishwa juu yake, mzigo huongezeka. Sikuwahi kuyasikia maneno hayo kwa mtu yeyote katika miaka yote sita. Nayaandika hapa bila aibu, ili mwanamke anayekimbia mbio ndefu na kusafiri mbali kwa basi amuulize mhudumu wake wa afya njia ipi ya uzazi wa mpango inamfaa. Asiviache vidonge kwa kusoma maneno yangu; aulize kwanza.

Miezi sita ya warfarini ilinifundisha kula upya. Dawa hiyo hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, nami nilitakiwa niwe kati ya 2 na 3: chini ya hapo damu inaweza kuganda, na kikipanda sana unaweza kutokwa damu isiyokatika. Mwezi wa pili nilikwenda kwa mama yangu Muheza kupumzika, naye kwa furaha ya kuniona mzima akanipikia kisamvu cha nazi, matembele na mchicha, asubuhi, mchana na jioni, kwa siku nane. Niliporudi kliniki INR ilikuwa imeshuka hadi 1.4. Muuguzi alinitazama akaniuliza, "Mama, umekula nini?" Mboga za majani zina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo hufanya kazi kinyume cha warfarini. Nilidhani nitakatazwa mboga. Kumbe nilichoambiwa ni kula kiasi kilekile kila wiki, ili kipimo cha dawa kirekebishwe kufuatana na sahani yangu. Nikaanza kupima mchicha kwa bakuli moja la bluu, bakuli moja kila siku, na bakuli hilo bado nalitumia ingawa dawa niliacha Septemba 2019 kwa idhini ya daktari. Diklofenaki na dawa za jamii yake nilikatazwa kabisa wakati ule, kwa kuwa pamoja na warfarini zinaweza kusababisha kutokwa damu tumboni. Hata baada ya kumaliza tiba sijazigusa, maana dawa hizo zinaweza pia kuumiza figo za mkimbiaji aliyepungukiwa maji.

Kurudi hakukuanza hapo, na hili ndilo linaloniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Mapafu yalipona, eko ya pili ikaonyesha moyo umerudi katika hali yake, daktari akaniambia naweza kuanza kutembea na baadaye kukimbia. Nami sikuanza. Niliogopa. Kila nikikaza mwendo, moyo ukaanza kudunda, nilirudi kwenye zile ngazi za ofisini na ile leso. Niliyaweka maradhi yangu mbele kama udhuru, na hakuna aliyethubutu kubishana nami, kwa kuwa nilikuwa nimenusurika kufa. Miaka miwili ilipita nikiwa mtu wa kitini: chapati mbili na chai yenye vijiko vitatu vya sukari asubuhi, chipsi mayai mchana, wali saa nne za usiku. Agosti 2021 ofisi yetu ilileta wauguzi wa kutupima afya. Presha yangu ilikuwa 158 kwa 96, wakarudia baada ya robo saa ikawa 156 kwa 96. Sukari kabla ya kula ilikuwa 6.7, ambayo haijaitwa kisukari lakini imepita mstari wa kawaida. Uzito kilo 85, kutoka 70 za mwaka 2019. Baba yangu alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka 61. Nilishika kile kikaratasi mkononi nikakisoma mara tatu nne ndani ya daladala kutoka Posta mpaka Mwenge.

Nilianzishiwa dawa ya presha, amlodipini miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku, ambacho nakimeza mpaka sasa. Watu kadhaa wameniuliza kwa nini sijakiacha ilhali presha yangu sasa husoma 124 kwa 80. Husoma hivyo kwa sababu ya kidonge na mazoezi kwa pamoja, na siku daktari akiona kinaweza kupunguzwa atanieleza yeye.

Nilianza na nguzo za umeme. Mtaani kwetu nguzo zimepangwa upande mmoja wa barabara, na kati ya nguzo na nguzo kuna kama hatua sitini. Wiki za kwanza nilitembea tu, nguzo ishirini kwenda na ishirini kurudi, saa kumi na moja alfajiri kabla jua la Dar es Salaam halijawa jua. Kisha nikakimbia nguzo moja na kutembea nne. Baada ya wiki tatu, moja kwa tatu. Sikuvaa saa wala kupakua programu yoyote ya kupima mwendo, kwa kuwa nilijijua: ningeona namba ningetaka kuishinda. Daktari alikuwa ameniambia nikimbie kwa mwendo ambao naweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, na kwenye njia yangu kipimo hicho kilikuwa kimekwisha kuwekwa. Karibu na msikiti huketi mzee anayeuza kahawa kwa wanaotoka kusali alfajiri, na dele lake juu ya jiko la mkaa na kashata kwenye sinia. Mtu hampiti mzee kimya. "Shikamoo mzee, umeamkaje?" Ikitoka yote kwa pumzi moja, mwendo ni sawa. Ikikatika baada ya shikamoo, napunguza. Miezi ya mwanzo ilikatika karibu kila siku, naye aliitikia "Marahaba, mwanangu, polepole" bila kuinua macho kwenye vikombe vyake. Ilipofika Februari 2022 nilimsalimia nikamuuliza na habari za nyumbani, na kwa mara ya kwanza akainua macho.

Mwaka huohuo Daraja la Tanzanite lilifunguliwa, kilomita moja na kidogo juu ya maji ya bahari, kutoka upande wa Upanga hadi Coco Beach, nasi watu wa mazoezi tukapata mahali ambapo upepo huvuma pande zote mbili. Jumapili alfajiri hapo utawakuta vijana wa vikundi vya jogging wakipita kwa mistari, jezi zimefanana, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, hatua zao zikipiga pamoja kama ngoma ya mchakamchaka wa shule ya msingi. Kikundi chetu ni cha watu kumi na mmoja, wengi tumepita miaka arobaini. Yumo aliyefanyiwa upasuaji wa titi, yumo mwenye kisukari cha miaka mingi anayetembea na pipi mfukoni, na yumo kaka mmoja aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda. Tuna kanuni moja tu tuliyoiandika: mtu akisema anasimama, hakuna anayemuuliza sababu wala kumwambia akaze. Anabaki mmoja pamoja naye, wengine wanaendelea.

Chakula sikukibadilisha kwa siku moja, na nina shaka na wale wanaosema walibadilisha hivyo. Sukari ya chai niliipunguza nusu kijiko kila mwezi mpaka ikaisha, na ulimi haukunisumbua. Ugali nimehamia kwenye dona. Wali wa nazi haujatoka nyumbani kwangu na hautatoka, ila sasa ni wa Jumapili, na mchana wa kazi nabeba magimbi au viazi vitamu vya kuchemsha na maharage, au dagaa na lile bakuli la mchicha. Chumvi ndiyo iliyonishinda muda mrefu zaidi. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na nilipopima chumvi niliyokuwa nikitia kwenye sufuria moja ya mchuzi, pamoja na vile vidonge vya kuongeza ladha, nilishtuka. Katika mbio ndefu hali ni nyingine, kwa sababu jasho la joto la hapa huondoka na chumvi, na kunywa maji matupu kupita kiasi kunaweza kumdhuru mtu vilevile. Kwa hiyo nikikimbia zaidi ya saa moja na nusu nabeba mchanganyiko wa kuzuia upungufu wa maji, ule wa nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Usingizi nao nimeupa heshima yake. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipokimbia marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo, mbio zilikuwa za usiku wa manane kwa saa zetu, na nyumba nzima walikesha. Mimi sikuamka. Mwanangu aliniambia kulipokucha kwamba Simbu ameipatia Tanzania dhahabu kwa kumpita Mjerumani kwenye hatua za mwisho kabisa, tofauti ya sekunde 0.03, nikalia nikiwa na mswaki mkononi. Naipenda sana riadha. Lakini nimejiwekea saa saba za kulala, na nikizivunja presha ya asubuhi hunionyesha.

Februari 2024 nilirudi Moshi, safari hii kwa kilomita 21, ambazo nazo hupanda Mweka na kushuka. Nilikwenda siku mbili kabla, kwenye basi nikachagua kiti cha upande wa njia, nimevaa soksi za kubana, nikainuka kila saa moja, futikamba ikiwa kwenye mkoba wa kiunoni pamoja na kitambulisho na karatasi yenye jina la dawa yangu na namba ya mume wangu. Kupanda nilipanda vizuri, nikitembea kila palipokuwa pakali. Tulipogeuza na kuanza kushuka nilijiona nimekwisha kufika. Kwenye kilomita ya 14 kigimbi cha kushoto kikakaza, na chini ya kukaza huko nikasikia yale maumivu ya ndani, mfano wa jino.

Nilisimama, nikaketi kwenye ukuta mfupi wa mawe mbele ya duka, nikashusha soksi, nikatoa futikamba. Vidole vilitetemeka hata nikapima mara tatu. Sentimita 37.9. Mguu wa kulia ulikuwa 36 kama kawaida. Haikuwa tofauti ya sentimita 3, lakini haikuwa nusu. Kijana mmoja wa kujitolea, mwenye fulana ya njano, alikuja mbio akaniinamia: "Mama, kaza kidogo, zimebaki saba tu, ni mteremko mtupu!" Alisema kwa moyo mwema, na ndani yangu sauti ya baba ilisema maneno yaleyale. Nilimshukuru nikamwomba aniitie watu wa huduma ya kwanza. Wakati nikiwangoja walinipita wanawake wawili niliokuwa nimewaacha nyuma huko juu, mmoja wao akanipungia mkono. Niliitazama ile barabara ikishuka katikati ya migomba mpaka ilipokata kona.

Jioni ile altrasaundi hospitalini ilionyesha mshipa uko safi. Ulikuwa msuli umechanika kidogo, jambo la wiki tatu za kupumzika. Wapo walioniambia kwamba niliacha mbio bure, na mmoja wao ni ndugu yangu wa damu. Sioni hivyo. Mwaka 2019 nilisubiri siku tisa nikajua nilichonacho nikiwa kwenye oksijeni. Mwaka 2024 nilisubiri saa sita nikajua nilichonacho nikiwa na sahani ya ndizi na nyama mbele yangu. Usiku huo nililala usingizi mzito ambao sijawahi kulala baada ya mbio zozote nilizomaliza.

Mwaka 2025 nilirudi tena nikamaliza kwa saa 2 na dakika 51. Hakukuwa na la kusimulia sana: mawingu yalifunika mlima, kigimbi kilikuwa kimya, na kwenye mteremko nilipoupita ukuta ule wa mawe niliugusa kwa kiganja. Uwanjani nilivishwa medali, nikanywa maji yangu, nikatembea huku na huko nusu saa nzima kabla sijaketi.

Kesho yake, basi liliposimama Korogwe, nilikuwa wa kwanza kushuka. Nilizunguka uwanja wa maegesho mara sita, nikipita kwenye meza za machungwa na vikapu vya mayai ya kuchemsha, soksi zangu zimenifika magotini chini ya kanga. Mama mmoja muuza machungwa aliniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia, "Hapana, dada yangu, nanyoosha miguu." Akanimenyea chungwa, nikalila nikiwa nimesimama. Konda alipopiga hodi ubavuni mwa basi kutuita, nilipanda, nikaketi kwenye kiti changu cha upande wa njia, nikapandisha suruali mpaka gotini na kutoa futikamba. Kulia 36. Kushoto 36 na nusu.